Kijiji kizima maskini? Na mimi niliandika hivyohivyo

Juzi mwanafunzi mmoja wa uzamili kaniandikia: "Dada, kijiji ninachofanyia utafiti wote ni maskini. Sasa tofauti ya afya kati ya tajiri na maskini nitaipimaje?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Sentensi hiyo iko kwenye ripoti yangu ya kwanza, tena niliiandika kwa kujiamini.

Nilikuwa na mamia ya kaya na madodoso yaliyojazwa vizuri. Nikachukua fahirisi ya utajiri iliyotengenezwa kwa nchi nzima, ile ya kuuliza kama una umeme, friji, gari. Mbinu hii wachumi Filmer na Pritchett ndio walioipa umaarufu mwaka 2001: badala ya kumhoji mtu kipato chake, unaorodhesha mali za kaya, hesabu inaipa kila mali uzito wake, kisha unagawa kaya mafungu matano, kuanzia maskini kabisa hadi tajiri kabisa. Kaya zangu karibu zote zikarundikana mafungu mawili ya chini. Nikaandika kwamba hakuna tofauti ya maana.

Siku ya kuwasilisha, mmoja wa wakusanyaji wetu wa data, mama mtu mzima asiye na digrii yoyote, akanyoosha mkono. "Mwanangu, mwenye ng'ombe ishirini na kibarua anayemlimia umewaweka fungu moja?" Ukumbi mzima ukacheka. Msimamizi wangu, aliyeisoma rasimu ile mara mbili bila kuona kitu, alicheka kuliko wote. Hilo mpaka leo halijashuka kooni.

Baadaye ndipo nikakutana na utafiti wa Schellenberg na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet, kuhusu vijiji vya kusini mwa Tanzania. Mtu wa nje angeapa kwamba watu wa huko wako sawa tu. Kumbe mtoto wa kaya yenye nafuu kidogo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikishwa kituo cha afya na kupewa dawa za malaria.

Basi nikarudi kwenye data. Friji na gari nikavitoa, maana kitu ambacho hakuna aliye nacho hakimtenganishi mtu na jirani yake. Nikaingiza mifugo, ukubwa wa shamba, baiskeli, paa. Choo na maji pia nikaviondoa, ingawa wengi huviacha humohumo: vyenyewe huleta au huzuia ugonjwa, kwa hiyo hujui tena kama unapima utajiri au unapima choo. Fahirisi ya mkusanyiko, yaani kipimo cha kama tatizo la afya limelalia upande wa maskini (hasi) au wa matajiri (chanya), hucheza kati ya -1 na +1, na safari hii ikatoka hasi. Udumavu wa watoto ulikuwa umewaelemea maskini. Data ni zileile!

Mtego wa pili ulinishangaza zaidi. Kwenye swali la "uliugua mwezi uliopita?" wenye nacho walionekana wagonjwa kuliko maskini. Mchumi Amartya Sen aliliandika jambo hili mwaka 2002: jimbo la Kerala, ambako watu huishi muda mrefu kuliko kwingi India, ndiko walikoripoti maradhi mengi, na jimbo la Bihar lililo nyuma likaripoti machache. Kibarua mwenye homa isiyomlaza kitandani atakujibu hajaugua, kwa kuwa kuugua kwake ni kushindwa kushika jembe.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka majina yenu kwenye majarida, pimeni urefu wa mtoto, pimeni uzito, pimeni damu. Mdomo wa aliyezoea maumivu hauwezi kuwa mizani yenu. Na kabla hamjafungua kompyuta, kaeni na wale wanaobeba madodoso juani. Waulizeni wao nani ana kitu na nani hana. Mimi sikuuliza, nikaulizwa mbele za watu.

Yule mwanafunzi kanijibu jana usiku. Friji ameshaifuta. Choo bado anakitetea.