Friji ndiyo, kiyoyozi hapana

Ndugu, umeuliza kama ufunge friji, kiyoyozi na mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji kabla hujaanza safari ndefu na boti lako la matanga. Friji, funga. Kiyoyozi achana nacho, labda kama utalala bandarini kwenye umeme wa nchi kavu.

Ila kwanza piga hesabu ya umeme. Friji ndogo ya volti 12 inayovuta ampea 4, ikifanya kazi nusu ya siku, inakula ampea-saa 48 (yaani ampea 4 mara saa 12). Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ile ya kuongezwa maji, ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo friji peke yake imeshaimaliza, na bado hujawasha taa ya mlingotini wala redio. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hurudisha kama ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku, na kivuli chembamba tu cha mlingoti kinaweza kupunguza sana kiasi hicho.

Ukihamia betri za lithiamu, tazama altaneta, kile kifaa cha injini kinachochaji betri: betri hizo hunyonya chaji kwa nguvu, na altaneta isiyo na kidhibiti cha chaji kinachozifaa huweza kuungua. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri. Hapo tafadhali usibane pesa. Moto ukiwaka katikati ya bahari huna pa kukimbilia.

Mashine ya maji isubiri, maana isipotumika mara kwa mara chujio lake huharibika. Feni ndogo za vitandani, zifunge hata kesho.