Unakwenda Guatemala? Anza na historia

Nilikaa Quetzaltenango miezi mitatu nikijifunza Kihispania. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na asubuhi maji yanauma, lakini sweta utaipata sokoni. Cha kubeba kutoka nyumbani ni historia ya mwaka 1944 hadi 1996.

Mwaka 1944 wananchi waliung'oa udikteta, kisha wakamchagua Juan José Arévalo kuwa rais. Aliyemfuata, Jacobo Árbenz, alipitisha sheria mwaka 1952 ya kuwagawia wakulima ardhi iliyolala bila kulimwa. Kampuni ya ndizi ya Kimarekani, United Fruit, ilikuwa na ardhi tele ya namna hiyo. Mwaka 1954 Árbenz akapinduliwa kwa mkono wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza 1960, vikaisha kwa mkataba wa Desemba 1996. Watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotezwa, wengi wao Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na wauaji wakubwa walikuwa wanajeshi wa nchi yao wenyewe.

Nilikuwa sijayajua haya vizuri. Wiki ya kwanza, tukiwa mezani, nikamwuliza mama mwenye nyumba: "Wakati wa vita mlikuwa wapi?" Akafunika kikapu cha tortilla, chapati za mahindi, kwa kitambaa, akakunja pembe zake moja moja, akaingia jikoni. Hakurudi. Naumia hadi leo. Usiulize, mwenye kutaka kusimulia atasimulia.

Ukitaka kumkaribia mtu, shika neno la lugha yake. Kihispania ni lugha ya serikali, ila lugha za Kimaya ni zaidi ya 20. Muuza parachichi nilimwambia "maltyox", yaani asante kwa K'iche', mojawapo ya lugha hizo, akanitilia mawili ya nyongeza.

Rais huchaguliwa kwa miaka minne, na akitoka harudi tena. Bernardo Arévalo, aliyeapishwa Januari 2024, ni mtoto wa yule Arévalo niliyemtaja.

Halafu kuna iliki. Guatemala ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa iliki duniani. Wakulima Wamaya wa Q'eqchi' huilima katika mkoa wa Alta Verapaz, na nyingi huishia kwenye kahawa ya Waarabu. Jikoni kwa yule mama haikuwahi kuingia. Wiki ya mwisho nikapika chai ya maziwa, nikaponda punje tano. Akainamia sufuria, akanusa kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akaanza kunisimulia habari za kaka yake.