Jibu: Kukwama kila unapoanza hadithi

Habari ndugu. Umeeleza kwamba kila unapoandika hadithi ya Mwanza unaishia kusifu ziwa na miamba, kisha kalamu inasimama. Kwanza angalia kama katika ukurasa huo yupo mtu anayetaka kitu. Mara nyingi hayupo. Zoezi ninalolitumia ni kuchagua mtu ambaye riziki yake imeguswa na badiliko halisi, kwa mfano mama aliyewauzia karanga abiria wa kivuko cha Kigongo–Busisi kabla daraja la kilomita 3 halijafunguliwa mwaka 2025, na kuandika asubuhi yake ya kwanza bila foleni ya magari, kwa dakika 15, bila kufuta neno. Usilitaje ziwa kabisa. Kwangu katazo hilo ndilo lenye nguvu zaidi, kwa kuwa linakulazimisha kumsikiliza mama huyo na wateja wake.