Makabati yawe ya mwisho

Wiki hii mmeuliza: mtu mwenye chumba kidogo, au kona tu, apange vipi mahali pa kushonea nguo na mifarishi ya viraka nyumbani? Wengi huanza na makabati na maboksi ya vitambaa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopendeza kwenye picha. Mimi ningeyaacha yawe ya mwisho. Kinachoamua kama mahali panafaa ni mwili wa mshonaji umekaa vipi, na kitambaa kizito kinalalia wapi kikitoka kwenye sindano.

Meza nyingi za nyumbani zina kimo cha sentimita 72 hadi 76. Kwa kuandikia zinafaa. Ukiweka cherehani juu yake, bamba la sindano, yaani kile kibati chenye tundu ambamo sindano hupita, linapanda sentimita kadhaa zaidi, mabega yanapanda nalo, na baada ya saa moja shingo imekaza. Kipimo kiko kwenye kiwiko chako: kaa, nyayo zikanyage sakafu, kunja mkono kwa pembe mraba. Bamba la sindano liwe sawa na kiwiko au chini yake kidogo. Unaweza kupandisha kiti na kuweka kibao chini ya miguu yote miwili, pedali ikae juu ya kibao hicho hicho. Au unaweza kukata tundu mezani na kuizamisha cherehani juu ya kibao cha kuibeba, mpaka sehemu yake ya kushonea ilingane na uso wa meza. Njia hii ya pili inaishinda ya kwanza, kwa sababu inakupa pia uwanja tambarare pande zote. Cherehani ya miguu, ile iliyofungwa kwenye meza yake, tayari imepangwa hivyo, na ndiyo maana inashona mapazia na mashuka bila fujo. Asiyetaka kukata meza atengeneze jukwaa la mbao au la sponji ngumu lenye kimo cha sehemu ya kushonea, aizungushie cherehani.

Kisha kaa mbele ya sindano. Kosa la kawaida ni kukaa katikati ya cherehani, wakati sindano iko upande wa kushoto. Mgongo unajipinda siku nzima bila mwenyewe kujua. Sindano ielekee kitovu chako, na pedali iwekwe inapofikiwa bila kupinda nyonga. Pedali ikiteleza kwenye vigae, weka chini yake kipande cha mpira chenye matuta.

Sasa upande wa kushoto, ambako matatizo mengi ya mifarishi huzaliwa. Mfarishi una tabaka tatu: uso wa viraka, pamba ya kati na bitana ya chini. Wa kitanda kikubwa ni mzito, na sehemu yake ikining'inia pembeni mwa meza, uzito ule unavuta kinyume na meno yanayosogeza kitambaa. Mishono inakuwa midogo mahali pamoja na mirefu pengine. Mshonaji anavuta ili kusaidia, sindano inapinda, inagonga bamba na kuvunjika. Hapo uzi hulaumiwa, skrubu ya kukaza uzi inazungushwa huku na huku, na cherehani iliyokuwa nzima inaharibiwa mipangilio. Dawa ni nafasi: angalau sentimita 60 za meza kushoto kwa sindano, na kama 50 nyuma yake. Ndiyo maana kona ya chumba ni zawadi. Panga meza mbili kwa umbo la L, ukuta uzuie mfarishi usianguke nyuma, meza ya pembeni ibebe unaokuja. Kama hakuna meza ya pili, shusha meza ya kupigia pasi mpaka ilingane na meza ya cherehani, uisogeze kushoto. Inabeba vizuri, ila pasi yenyewe, hata iliyozimwa karibuni, isikae hapo.

Meza inayotikisika ni adui wa kimya. Weka bilauri ya maji mbali kidogo na cherehani, shona kwa kasi ya juu, utazame maji. Yakicheza sana, kaza skrubu za miguu na upigilie ubao wa mshazari nyuma. Meza za kukunja huanguka mtihani huu mara nyingi.

Ukiwa bado hapo, weka alama ya robo inchi, yaani milimita 6 na ushei, kwenye bamba la sindano. Utepe mnene wa kubandika unatosha. Kwa nini kuhangaika na milimita? Chukua mstari wa vipande 8: una mishono 7, na kila mshono unakula kitambaa pande mbili. Ukizidisha milimita moja tu, mstari mzima unapungua milimita 14, na hautakutana na mstari wa jirani. Jaribio lake ni hili: unganisha vipande vitatu vyenye upana wa inchi moja na nusu kila kimoja, piga pasi, pima. Cha katikati kiwe inchi moja kamili, na vyote vitatu kwa pamoja viwe inchi tatu na nusu. Ikipungua, sogeza utepe ukaribie sindano.

Kukata ni kazi ya kusimama. Meza ya kukatia iwe sentimita 10 hivi chini ya kiwiko ukiwa umesimama, ambayo kwa wengi ni kati ya 86 na 95. Kwenye meza ya chini zaidi mgongo unainama, na mkono unakosa nguvu ya kubana rula, kwa hiyo rula inateleza, na ukanda uliokatwa kwenye kitambaa kilichokunjwa unatoka na kigongo kwenye mkunjo. Meza ya kawaida inaweza kuinuliwa kwa vipande vinne vya mbao vyenye urefu sawa, kila kimoja kikichongwa shimo ili mguu usichomoke. Iwezekane kuizunguka angalau pande mbili: ni rahisi kuhama wewe kuliko kugeuza kitambaa ulichokwisha kukinyoosha.

Anayetumia kisu cha gurudumu, yaani chenye wembe wa mviringo unaobingirika, atahitaji mkeka wa plastiki wa kukatia. Wa sentimita 60 kwa 90 unatosha, kwa kuwa kitambaa cha pamba cha upana wa 110 kikikunjwa katikati kinabaki 55. Mkeka ulale bapa, mbali na jua la dirishani na pasi. Ukipata joto unakunjamana, na haurudi. Gurudumu la milimita 45 likigonga pini hupata pengo, na pengo hilo huacha nyuzi ambazo hazijakatika kila baada ya sentimita 14, ambao ndio mzingo wake. Ukiona nyuzi zinabaki kwa mpangilio huo, usikandamize zaidi, badilisha gurudumu. Na kisu kifungwe kila kinapowekwa chini, hata kwa dakika moja.

Pasi iwe karibu au mbali? Inategemea kazi. Kwa viraka vidogo, ambavyo hupigwa pasi baada ya kila mshono, kibao kidogo chenye blanketi la sufu kando ya mkono wa kulia kinaokoa muda mwingi. Kwa nguo, iwe hatua mbili tatu kutoka kwenye kiti. Kuinuka mara kwa mara kunanyoosha mgongo. Popote iwapo, pasi ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 9, kwa hiyo ipewe soketi yake ukutani. Isichangie ekstensheni na cherehani na taa, na waya uliobaki umeviringwa usitumike hivyo, maana unajipasha moto. Viraka vilivyokatwa kwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi za kitambaa, vikandamizwe kwa kuinua na kushusha pasi. Ukiiburuta vinavutika, na mraba wako umekwisha kuwa kitu kingine.

Mwanga utoke kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie sindano. Kitaa cha ndani ya cherehani hakitoshi peke yake. Balbu yenye mwanga wa mchana, karibu na Kelvin 5000, inatenganisha nyeusi na buluu ya giza. Ile ya njano inazichanganya. Dirisha liwe ubavuni mwa meza.

Ukuta mmoja uachwe wazi. Tundika flaneli nyeupe ya mita 1.5 kwa 1.8, na viraka vitanata juu yake bila pini. Rudi nyuma mita mbili, au piga picha isiyo na rangi kwa simu: palipo na weusi mwingi upande mmoja pataonekana mara moja. Pasipo nafasi, flaneli ipigiliwe kwenye fito, iviringishwe jioni.

Kupiga bandi tabaka tatu, yaani kuzishikiza pamoja kwa muda kabla ya kuzishona, kunahitaji sakafu safi au meza mbili zilizounganishwa. Bitana izidi uso kwa sentimita 10 kila upande, ibandikwe utepe ikiwa imetandazwa bila kuvutwa. Ikivutwa, ukiachia inarudi, na chini panajaa makunyanzi. Pini zikae umbali wa ngumi moja.

Kuhusu kuhifadhi nitasema machache. Vitambaa visimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua, kwa sababu mikunjo ndiyo hupauka kwanza. Kwenye rafu ya mbao tandika shuka la pamba lililofuliwa. Uzi ukae kwenye droo. Brashi ndogo iwe karibu na cherehani, uondoe vumbi la pamba chini ya bamba kila baada ya kumaliza bobini (vigurudumu vya uzi wa chini) mbili tatu; usipulizie, maana vumbi linaingia ndani zaidi. Sindano hubadilishwa baada ya saa 8 hivi za kushona, namba 80 kwa kuunganisha viraka na 90 kwa tabaka tatu, na zilizochakaa zitiwe kwenye chupa yenye kifuniko. Sumaku yenye kamba ining'inie mguuni pa meza, ipitishwe sakafuni kabla mtu hajaingia peku.