Maswali ya Wasomaji: Karata za Taroti na Wachoraji wa Italia

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anayesoma Italia amekuja likizo na boksi la karata za taroti zenye picha za wafalme, malaika na watawa, zilizochorwa kwa mtindo wa kale na kupambwa kwa rangi ya dhahabu. Mavyaa wangu alipoziona alisema hivyo ni vyombo vya kupigia ramli na visilale nyumbani. Binti anasisitiza kwamba ni sanaa. Nani mwenye haki? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mama, tukifuata miaka, hoja ya binti yako ndiyo yenye nguvu zaidi, ingawa mavyaa wako naye hakuzusha. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia kabla tu ya kati ya karne ya 15, na kumbukumbu za maandishi za mwanzoni kabisa, kutoka Florence mwaka 1440 na Ferrara mwaka 1442, zinazitaja kama kitu cha kuchezea cha wakubwa. Mchezo wenyewe ni wa aina ambayo wacheza karata wa kwetu wataitambua mara moja: kila mtu hutupa karata yake, kubwa hula ndogo, na juu ya zote zipo turufu. Tofauti ni kwamba katika taroti turufu hazichaguliwi miongoni mwa karata za kawaida, bali ni kundi la pekee la picha 21 zilizopangwa kwa daraja, likiandamana na Juha, ambaye kwa kawaida huhesabiwa pamoja nazo. Ukijumlisha na karata 56 za kawaida unapata 78.

Seti mashuhuri kuliko zote ilichorwa kwa ajili ya koo za Visconti na Sforza, watawala wa Milano, na wanahistoria wengi wanaihusisha na karakana ya mchoraji Bonifacio Bembo. Ni picha za mkono, zilizopakwa juu ya dhahabu iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba mno, na kila karata ina urefu wa sentimita 17 hivi, kubwa kiasi cha kumtatiza mtu mwenye viganja vidogo. Sidhani kama yupo mtawala ambaye angegharimia dhahabu kiasi hicho kwa ajili ya mchezo wa jioni peke yake; hapana shaka zilikuwa pia fahari ya kuwaonyesha wageni.

Ramli ilikuja zaidi ya miaka 300 baadaye, na ilienea kutoka Ufaransa. Mwaka 1781 mwandishi wa Paris, Antoine Court de Gébelin, alidai kwamba karata hizi ni mabaki ya elimu ya siri ya makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote, na maandishi ya Misri yenyewe hayakuwa yamesomwa na mtu hadi Champollion alipofumbua namna ya kuyasoma mwaka 1822. Hata hivyo dai hilo lilipendwa, na muda si mrefu Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla, akawa anafundisha uaguzi kwa taroti na kuuza karata zilizotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mavyaa wako anazungumzia matumizi yaliyopo kweli, lakini si asili ya picha hizo. Ufaransa na Austria watu wanaendelea kuzicheza hadi leo bila kumwagulia mtu yeyote. Kuhusu kinachofaa kulala nyumbani mwako kwa mujibu wa dini, hilo si la gazeti. Muulize mwalimu wako wa dini.

SWALI: Mhariri, nimeona picha ya karata moja yenye mtu aliyetundikwa kwa mguu mmoja, kichwa chini. Mchoraji alikusudia nini kama si uchawi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Mwitalia wa karne ya 15 asingehitaji kuuliza, kwa sababu picha za namna hiyo alizikuta ukutani mijini. Miji ya Italia ilikuwa na desturi ya kuwafedhehesha wasaliti na wadeni sugu, hasa waliotoroka, kwa kuwachora hadharani wakiwa wametundikwa, mara nyingi kichwa chini. Wachoraji wakubwa hawakuidharau kazi hiyo: Sandro Botticelli alilipwa mwaka 1478 kuwachora Florence wale waliokula njama dhidi ya ukoo wa Medici. Ukoo wa Sforza nao uliionja aibu hiyo, kwani Muzio Attendolo, baba yake Francesco Sforza aliyekuja kutawala Milano, alichorwa hivyo mjini Roma mwaka 1412 kwa amri ya mmoja wa waliokuwa wakigombea kiti cha Papa. Hebu fikiri, mwana anakaa na wageni wake kucheza, na mkononi anashika picha ya adhabu aliyopewa babaye.

Picha nyingine nazo zina ndugu zao makanisani na vitabuni. Juha wa Milano, mwenye nguo chakavu, rungu begani na manyoya kichwani, anafanana sana na picha ya Upumbavu ambayo mchoraji Giotto aliichora mnamo mwaka 1305 katika kanisa dogo la Scrovegni mjini Padova. Gurudumu la Bahati lilikuwa limechorwa katika vitabu vya watawa kwa karne kadhaa kabla ya karata, likiwa na watu wanne kandokando yake: anayepanda husema nitatawala, aliye juu ninatawala, anayeshuka nilitawala, na wa chini kabisa sina ufalme. Bembo, au yeyote aliyeishika brashi, alimwotesha aliye juu masikio ya punda, na mzaha huo mbele ya mtawala naupenda kuliko dhahabu yote iliyopakwa. Mauti naye ni mifupa mitupu iliyoshika upinde, sura iliyozoeleka Ulaya tangu tauni ya mwaka 1348.

SWALI: Mbona taroti ina vikombe, sarafu, panga na magongo, badala ya kopa, uru, shupaza na pau? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Hivyo ndivyo hivyo, ndugu yangu. Majina yetu ya karata tuliyapata kwa Wareno, na kwa Kireno maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na magongo. Michoro tu ndiyo iliyobadilika, kwa kuwa karata tunazonunua madukani zinafuata alama za Kifaransa. Vikombe na panga hizo Ulaya ilizipokea kutoka nchi za Kiislamu katika karne ya 14. Jumba la Topkapi mjini Istanbul limehifadhi karata za Wamamluki, waliokuwa watawala wa Misri, zenye vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo, pamoja na mfalme, naibu na naibu wa pili. Waitalia, ambao polo hawakuijua, waliyageuza magongo kuwa fimbo.

SWALI: Seti ya asili ya Milano iko wapi, na nakala zake zinaaminika? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Zimesalia karata 74. Thelathini na tano ziko Morgan Library, New York, 26 ziko Accademia Carrara mjini Bergamo, na 13 zinamilikiwa na ukoo wa Colleoni. Sita kati ya zote zilichorwa na mkono mwingine, na jicho makini huona tofauti katika nyuso. Nakala nzuri zipo, lakini Shetani, Mnara, Panga Tatu na mpandafarasi wa sarafu hawajapatikana, hivyo hao wanne utakaowakuta ndani ya boksi ni kazi ya wachoraji wa siku hizi.