Shangazi Jikoni: Watoto 15, Mfuko Mwembamba

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu anatimiza miaka 4 mwezi ujao na tumealika watoto 15, wengi wa rika lake. Mwaka jana nilipika kama napika harusi: wali, nyama, kuku, soda, keki ya ghorofa mbili. Watoto walilamba krimu ya keki wakarudi kukimbizana. Chakula kingine niligawia majirani, kingine kikachacha. Mwaka huu hela haipo, ila sitaki mwanangu aone aibu mbele ya wenzake. Nianzie wapi? — Mama Mwenye Mwezi Mrefu*

Marahaba, mwanangu. Nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe: walilamba krimu wakarudi kukimbizana. Ndivyo walivyo watoto wa umri huo.

Nimepika kwenye jiko la chekechea miaka 19, na mengi niyajuayo niliyapata kwenye karo la kuoshea vyombo. Baada ya kila sherehe niliona kilichorudi: mkate uliong'atwa mara moja, mapaja ya kuku yaliyochunwa ngozi tu, vikombe vya soda vilivyonywewa funda mbili. Siku moja nikaamua kukusanya mabaki yote kwenye ndoo ya lita 10, ili nione kwa macho. Ilijaa kabla sijafika meza ya pili. Sherehe iliyofuata nilipunguza chakula, iliyofuata nikapunguza tena, na hakuna mtoto aliyekuja jikoni kunidai.

Kwa hiyo anza na saa, kabla hata ya kufikiria sufuria. Waite saa tisa alasiri, waondoke saa kumi na moja. Kwenye kadi andika wazi kwamba kutakuwa na vitafunio na keki. Mzazi akisoma hivyo atamlisha mwanawe chakula cha mchana nyumbani, na wewe umeshapona wali, nyama na kuku kwa sentensi moja. Kwenye kadi hiyohiyo uliza kama kuna mtoto ambaye chakula fulani kinamdhuru. Mayai, maziwa, karanga na ngano ndivyo vya kuuliza kwanza.

Sasa tuhesabu. Mkate wenye vipande 20 unatoa jozi 10, na kila jozi ukiikata mara nne unapata pembetatu 40. Kwa watoto 15 hizo zinatosha na kubaki. Jozi tano zijaze mayai 6 ya kuchemsha, yapondwe na mtindi mzito na chumvi kidogo. Tano nyingine paka jamu. Usiziweke pamoja kwenye sahani moja, maana anayedhurika na mayai hajui kusoma. Viazi kilo moja na nusu vikate virefu kama vidole, vipake mafuta na chumvi, uvioke hadi ndani viwe laini kabisa. Mimi navipenda kuliko krispi za pakiti, ambazo unalipia hewa nyingi na viazi vichache. Tunda nunua lile lililo kwenye msimu wake wiki hiyo. Likiwepo tikiti maji, chukua hilo, toa mbegu zote, kata vipande vidogo. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, kwa hiyo linakata kiu pia. Kinywaji ni maji, na vipande vya chungwa vikielea kwenye jagi watoto wataona umewatengenezea kitu maalumu.

Keki ndipo hela zinapovujia, basi nikupe ninayoiamini. Haina yai wala maziwa. Chekecha unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, kakao vijiko vikubwa 3, bekingi soda kijiko kimoja cha chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Ongeza mafuta ya kupikia theluthi moja ya kikombe, siki kijiko kikubwa kimoja, vanila kidogo na maji baridi kikombe kimoja. Koroga hadi unga mkavu usionekane, kisha acha, usiendelee kupiga. Siki ikikutana na bekingi soda gesi inaanza kutoka papo hapo, na gesi hiyo ndiyo inayoumua keki, kwa hiyo tanuri liwe limeshapata moto wa nyuzi 180 kabla hujachanganya. Ukisubirisha, keki italala. Ioke dakika 30 hadi 35 kwenye chombo cha mraba cha sentimita 20. Ukiikata vipande vya sentimita 5 unapata 16: watoto 15 na mwenye siku yake.

Chakula usikitoe chote mara moja. Toa nusu, kwenye visahani vidogo, nusu ibaki jikoni. Mtoto akiwekewa sahani iliyojaa anachokonoa kila kitu na hamalizi kimoja. Akiwekewa vitu vitatu anakula vitatu, akitaka zaidi ataomba, na kwa sauti kubwa.

Kuhusu aibu, mwanangu, hilo limenigusa. Mtoto wa miaka 4 hajui bei ya nyama. Anajua kama mshumaa ulikuwa wake na kama wenzake waliimba jina lake. Aibu unayoiogopa ni macho ya wazazi wenzako, na wengi wao, niamini, watarudi nyumbani wakiwaza kwamba nao wanaweza kufanya hivi.

*Shangazi, mke wangu amenipa jukumu la kununua vitafunio vya sherehe ya mtoto wetu wa miaka 3. Nimefikiria bisi, zabibu, karanga na soseji. Vyote vinapatikana kirahisi na havihitaji kupikwa sana. Je, nimechagua vizuri? — Baba Mnunuzi*

Baba, naomba unisikilize kwa makini. Vyote vinne, jinsi vinavyotoka dukani, vinaweza kumkaba mtoto wa umri huo. Niliwahi kuona zabibu moja nzima ikikwama kooni mwa mtoto aliyekuwa anacheka. Hakutoa sauti hata kidogo, na ukimya huo ndio ulionishtua nikageuka. Alipona kwa sababu mwalimu aliyekuwa karibu alijua kumpiga mgongoni, katikati ya mabega. Tangu siku ile mimi mwenyewe ndiye ninayekata zabibu.

Zabibu zikate kwa urefu, vipande vinne kila moja. Soseji nayo ikate kwa urefu kwanza, kisha vipande vidogo, kwa sababu kile kiduara cha soseji kinaenea kooni mwa mtoto kama kizibo kwenye chupa. Bisi, karanga nzima na pipi ngumu ziache mpaka wafike miaka 4 au zaidi, na hata hapo wale wameketi. Kama kuna kichanga ambaye hajatimiza mwaka, asionje asali kabisa. Na wakati wa kula, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, kuwatazama. Hilo halikugharimu kitu.

*Mama mkwe anasema nisiweke keki kabisa, sukari inawapandisha watoto wazimu. Ni kweli? — Mkwe Mtiifu*

Wengi tunaamini hivyo, na mimi niliamini. Mwaka 1995 watafiti walikusanya majaribio ambayo watoto walipewa sukari au kitu kitamu kisicho na sukari, bila wao wala wazazi kujua ni kipi. Tabia haikutofautiana. Kinachowapandisha ni kelele, wenzao na furaha yenyewe. Ila kwa meno mama mkwe ana hoja, kwa hiyo kipande kimoja cha keki kinatosha, soda iondoke, na mpe heshima yake kwa kumwomba akate matunda.

*Shangazi, naweza kuandaa kila kitu usiku wa kuamkia sherehe? Nafanya kazi hadi mchana. — Asiye na Muda*

Keki ndiyo, ikishapoa ifunike vizuri, kesho itakuwa laini zaidi. Mayai yachemshe usiku, yapoze, yaweke kwenye friji na maganda yake. Mkate ujaze siku yenyewe, la sivyo utalowa. Tikiti likate ukishatoka kazini, na likishakatwa likae kwenye friji. Vya mayai visikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali saa moja inatosha. Kikipita hapo, kitupe, hata kama kinaonekana kizuri.