Kwa Wanaoanza Khati: Andikeni na Kitakachofutwa

Mfungo Sita unakaribia, na darasa letu la khati, sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu, limeshageuka karakana ya vitambaa vya Maulidi. Juzi baada ya Isha nimemkuta mmoja anaremba Basmala kwa rangi ya dhahabu, mwingine ananakili hilya nzima, ule ubao wa sifa za Mtume, kutoka kwenye simu, wa tatu anawafasiria wenzake siri za herufi wau. Nikaomba kila mmoja aniandikie alifu moja tu, kwa tete, kalamu ya mwanzi, mpigo mmoja, bila kuirudia. Wadogo zangu, alifu zote ziliyumba. Mwaka jana waliowatangulia walifanya hivyo hivyo, na mwaka juzi vilevile. Nawapenda na nimechoka kunyamaza, kwa hiyo someni haya kabla hamjafungua tena kopo la rangi.

1. Nukta kabla ya kila kitu. Mnaipima herufi mkishaiandika, ili muone kama imetoka vizuri. Kipimo kinatangulia. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliiwekea khati uwiano: unakandamiza ncha ya kalamu mara moja, inatoka nukta ya pembe nne, na kwa nukta hiyo unajua urefu wa alifu, na kwa alifu unajua duara la herufi nyingine. Walimu wengi wa thuluthi, ule mwandiko mkubwa wa mapambo, huihesabia alifu nukta 7. Masufi wakaliona jambo hili kwa jicho lao: kila herufi imetoka kwenye nukta, na alifu ni nukta iliyonyooshwa. Al-Jili, mmoja wao, aliandika kitabu kizima kuhusu Basmala na nukta ya herufi ba, na karne nyingi baadaye Sheikh Ahmad al-Alawi wa Mostaganem, Algeria, aliyefariki mwaka 1934, naye akaandika risala juu ya nukta hiyohiyo. Mkiwa na hamu ya maana za ndani, zimeanzia hapo, kwenye kile mnachokiruka.

2. Hesabu za abjadi, ambamo kila herufi ina namba yake. Ndiyo, alifu ni 1, lamu ni 30 mara mbili, ha ni 5, na jina la Allah linakuwa 66. Ndiyo, wau ni 6, na ndiyo maana wau mbili zikikaa pamoja zinasomwa 66. Nendeni mkaangalie picha za msikiti mkuu wa Bursa, Uturuki, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14; wau kubwa zimeandikwa ukutani peke yake, na madarweshi wanaiona herufi hiyo kama mja aliyeinama kusujudu. Ni elimu nzuri. Lakini kijana anayenieleza haya kwa saa nzima, kisha anaandika wau yenye jicho lililozibwa kwa wino na shingo iliyovunjika, ameyapokea masikioni tu. Kwanza mkono uiname. Maelezo yatakuja, na yakija mtayatambua.

3. Vifaa, haraka haraka. Msikalie kuandika bila udhu. Tete likatwe likiwa limekauka lenyewe, na ncha ikatwe mshazari. Wino wa masizi na gundi ya mgunga ni bora kuliko wa dukani. Kwa unyevu huu wa Lindi, wekeni karatasi chini ya kiganja, la sivyo jasho litaharibu ukurasa. Karatasi ipakwe ute wa yai na shabu, ikikauka isuguliwe kwa gamba la kauri hadi kalamu iteleze. Msimu wa korosho, anayebangua asishike tete siku hiyo; mafuta ya ganda yanachubua vidole, na kalamu inashikwa kwa uoga. Taka za kuchonga kalamu msitupe ovyo: inasimuliwa kuwa makhatati wa Kiosmani walizikusanya maisha yao yote ili ziwashe moto wa kuchemshia maji watakayooshewa wakifa. Mtu anayechonga kalamu akilijua hilo hachongi kwa pupa.

4. Kombe, yaani aya inayoandikwa sahanini, ikaoshwa, mgonjwa akanywa. Hapa nitakaa, maana ndipo ninapoumia nikiwatazama.

Wapo Waislamu wasioikubali kombe, na sibishani nao. Chuoni kwetu sheikh aliiandika, na swali lake la kwanza kwa kila aliyekuja lilikuwa: hospitali mmeshakwenda? Asiyekwenda alirudishwa aanzie huko.

Tulikuwa na mwenzetu ambaye mkono wake ulitushinda sote. Siku moja sheikh alikuwa mazikoni, akaja bibi mmoja aliyevuka maji kutoka Kitunda na mjukuu wake mwenye homa. Dawa za zahanati mtoto alishaanza kumeza. Bibi alitaka na kombe. Mwenzetu alikuwa katikati ya kitambaa cha Maulidi na roho yake yote iko huko. Akavuta sahani nyeupe, akachovya kalamu kwenye zafarani, akaandika Ayatul Kursiyyu mbio mbio. Meno ya herufi sini hayaonekani, nukta zimemwagwa popote. Tulikuwa tumekaa pale, tunaona. Tuliona pia kwamba alipofika “illaa biidhnihi” alirukia “walaa yuhiituna”, na maneno yote ya katikati, “ya'lamu maa bayna aydiihim wamaa khalfahum”, hayakuandikwa. Hakuna aliyefungua kinywa. Nani angemsahihisha bingwa wetu? Na kwa kweli kila mmoja wetu moyoni alikuwa na hoja ileile aliyokuwa nayo yeye: si inakwenda kuoshwa? Nani ataisoma?

Bibi aliisoma. Aliielekeza sahani kwenye mwanga wa dirisha, akafuata maandishi kwa kidole bila kuyagusa, midomo ikitembea, kisha kidole kikasimama. “Mjukuu wangu,” akasema, “hapa pameruka.” Mwenzetu akanyoosha mkono ili apachike maneno ukingoni. Bibi akaivuta sahani kwake. “Nitamsubiri mwenyewe.” Akakaa mkekani hadi baada ya Alasiri, mtoto amelaza kichwa pajani pake, na sisi tumeinamia mashki, mazoezi yetu ya mwandiko, ambayo hakuna aliyeyaandika.

Sheikh aliporudi alimwamkia bibi, akaambiwa, akaitazama ile sahani. Hakuuliza nani. Alikwenda kutia udhu upya, akaomba sahani nyingine, akaketi. Aliandika aya ile kwa naskhi ndogo, ule mwandiko wa vitabuni, kwa duara, kutoka ukingoni kuelekea katikati, na kila jino la sini lilihesabika. Alitumia muda uleule ambao angeutumia kwa ubao wa mihrabu. Nimeziona kazi zake zilizotundikwa misikitini. Hakuna hata moja iliyoifikia sahani ile. Alipomaliza akampa bibi aisome. Bibi akaisoma yote, akaitikia kwa kichwa. Sheikh akamimina marashi, herufi zikaanza kuachana, maji yakawa manjano, mtoto akanywa. Kisha akatugeukia: “Mlidhani mimi huandikia ukuta?”

Mwenzetu aliacha thuluthi kwa muda mrefu. Aliomba aandike makombe tu, na vibao vya watoto wadogo wanaoanza alifu. Leo mkono wake ndio unaoaminiwa kuliko wa yeyote kati yetu.

Nawaambieni haya kwa sababu naona vibao vyenu vya mazoezi. Kitambaa cha Maulidi kinapata subira yenu yote, ubao unapata kilichobaki, kwa kuwa ubao unafutwa. Nyinyi ni watu wa tarika ya Kadiria, zikiri ya usiku wa Ijumaa mnaijua. Jina likishatamkwa halibaki popote, pumzi imekwisha, na bado khalifa anayeongoza akisikia mtu analitamka ovyo anasimamisha halqa nzima, duara lote la wanaozikiri. Khati iko chini ya sheria hiyohiyo. Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi inasema Mwenyezi Mungu alipoumba Kalamu aliiamuru iandike. Hapakuwa na mtazamaji, hapakuwa na ukuta. Ikatii. Mnapoambiwa kwamba khati ni ibada, maana yake ni hiyo, na mnaweza kuipima leo: chukueni mstari mliouandika ili ufutwe, uwekeni karibu na mliouandika ili utundikwe, angalieni kama nukta zinalingana.

5. Majina yenu. Naona sahihi chini ya kazi ambazo hata meno ya sini hayajatulia. Katika mapokeo ya Kiosmani mwanafunzi hakutia jina lake mpaka apewe ijaza, idhini ya mwalimu wake, na ijaza ilikuwa na majina ya walimu wanaorudi nyuma kama silsila ya tarika, mnyororo wa masheikh wake. Sheikh Hamdullah wa Amasya, baba wa khati ya Kiosmani, alikuwa mtoto wa sheikh wa Suhrawardiyya. Kwake silsila zote mbili zilikuwa jambo la nyumbani. Na huyo anayenakili hilya ajue kwamba umbo analolinakili lilipangwa na Hafiz Osman, aliyefariki mwaka 1698, ili sifa za Mtume zilizosimuliwa na Sayyidna Ali zipate mahali pa kukaa. Aijue kwanza simulizi yenyewe kwa moyo.

6. Pa kuanzia. Huko Istanbul somo la kwanza halikuwa herufi, lilikuwa dua: Rabbi yassir walaa tu'assir, Rabbi tammim bil-khayr. Wapo walioshikiliwa kwenye mstari huo miezi na miezi kabla ya kuruhusiwa alifu. Jumamosi tunaanza nao, kwa naskhi, kwenye ubao. Tutaandika, nitapita na kusahihisha, tutaosha, tutaandika tena. Maji ya kuoshea yasimwagwe njiani wanapokanyaga watu. Kuna pipa nyuma ya chuo. Ubao upo wa kutosha, tete kila mtu aje na lake.